Je, magari ya saluni ya leo ni dhaifu kuliko Peugeot 504 ya mzee?

Swali limetoka kwa muuguzi wa Kisumu. Ameniandikia hivi:

"Fundi, habari ya kazi. Tunaishi Mamboleo, mimi, mume wangu na watoto watatu, na tumejiwekea pesa ya kununua saluni ya familia. Babangu aliendesha Peugeot 504 ya abiria kati ya Nakuru na Kisumu miaka ya themanini. Kila nikimtajia Toyota Axio anaguna. Anasema magari ya siku hizi ni mikebe: hayana nguvu, hayapandi mlima, na bei yake ni ya kununulia shamba. Sisi tunaenda Molo kumwona kila mwisho wa mwezi, siku nyingine ni mjini tu. Ni kweli magari yamedhoofika? Na mafuta je? Tuchukue la cc 1500, la 1800 au hili la haibridi, la petroli na umeme pamoja?"

Dada, mfikishie mzee salamu zangu za heshima kabla ya mengine yote. Mimi nimejifunza ufundi hapa Nakuru chini ya 504 hizo hizo, nikiwa kijana wa kuosha spea kwa petroli na kumpokeza fundi spana. Mzee hakudanganyi. Anaeleza alichokisikia kwa mguu wake wa kulia kwa miaka mingi, na mguu wa dereva wa Nakuru na Kisumu si shahidi wa kupuuzwa. Lakini anachokieleza ni mvuto wa gari kwenye mlima, nawe unaniuliza kuhusu nguvu za injini. Vitu hivyo viwili zamani vilikuwa vikitembea pamoja, sasa vimeachana njia.

Peugeot 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na baadaye ikawa inaunganishwa Mombasa. Mwaka 1975 ikashinda Safari Rally, na kuanzia hapo hakuna aliyebishana nayo huku kwetu. Zile tulizozizoea zilikuwa na injini ya cc 1796 yenye nguvu za farasi 80 hivi, au ile ya cc 1971 iliyopita farasi 90. Axio unayoitazama, ikiwa na injini ya 1NZ ambayo ndiyo imejaa mitaani, ina cc 1497 na farasi 109. Gawanya farasi kwa lita uone: injini ndogo ya mzee inatoa farasi 45 kwa kila lita, ya Axio inatoa 73. Na ukitaka kujua safari hii ilianzia wapi, Ford Model T ya mwaka 1908 ilikuwa na injini ya lita 2.9 na ikatoa farasi 20 tu, yaani saba kwa lita.

Kwa hiyo kwenye karatasi mzee ameshindwa. Barabarani hajashindwa, na sababu yake ni rahisi kuieleza. Farasi 109 wa Axio wanapatikana injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika. Watu wengi wanaishi na gari miaka mitano bila kuifikisha injini huko hata siku moja. Kinachokusukuma mgongo kwenye kiti, gari likiwa na watu watano na gunia la viazi kwenye buti, ni nguvu ya kuvuta, ambayo inapimwa kwa Nm. 504 ya lita mbili ilitoa Nm 160 hivi, tena katika mizunguko 3,000 tu. Axio inatoa karibu 140, na lazima uipandishe juu ya mizunguko 4,000 ndipo uzipate.

Sasa mfikirie mzee akitoka Kericho kwenda Mau Summit. Anaweka gia ya tatu, injini inanguruma chini chini kama fahali, gari linapanda. Mkalishe leo ndani ya Axio kwenye mlima huo huo. Akikanyaga, gia ya CVT, ile ya otomatiki isiyo na hatua, inaipandisha injini juu, inalia kama cherehani, naye anadhani inaumia, anaondoa mguu. Gari linalegea. "Si nilikwambia?" Injini haikuwa inaumia, dada. Ilikuwa inawafuata farasi wake kule juu walikowekwa. Dereva aliyelelewa na 504 ana huruma na injini, na huruma hiyo ndiyo inayoifanya Axio ionekane goigoi. Mwambie safari hii asiondoe mguu.

Kuna jambo lingine ambalo vijitabu vya magari havikuambii, nalo linatuhusu sisi wa huku kuliko watu wa Mombasa. Farasi hao huhesabiwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo, ile pampu ya kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 unazopanda, kwa kuwa hewa inazidi kuwa nyepesi na injini inavuta pumzi haba. Kisumu iko mita 1,130 hivi kutoka usawa wa bahari, Nakuru 1,850, na Mau Summit inapita 2,500. Basi Axio ikikaribia Molo, farasi wake 109 wamebaki kama 82. Lakini 504 nayo haikupona: wale 80 walibaki 60. Tena 504 ilipata adhabu ya pili mahali hapo hapo, ambayo Axio haiijui. Nitaifikia kwenye mafuta.

Tarakimu za zamani nazo zina mtego. Hadi mwaka 1971, viwanda vya Marekani vilikuwa vikitangaza nguvu za injini iliyopimwa ikiwa tupu, bila alternata, bila feni, bila ekzosi yake ya kila siku. Mwaka 1972 wakaanza kuipima ikiwa imevaa kila kitu, na gari lile lile likaonekana limepungua nguvu usiku mmoja. Wajapani walifuata katikati ya miaka ya 1980. Corolla ya kwanza ya mwaka 1966, cc 1077, ilitangazwa kuwa na farasi 60, na hao ni farasi wa kuhesabiwa kwa ukarimu.

Corolla hiyo ilikuwa na uzito wa kilo 700 na kidogo. Axio ya leo inapita kilo 1,050, na hizo kilo mia tatu na ushee ndizo zimekula sehemu kubwa ya nguvu iliyoongezeka. Ni vyuma vya kukinga ubavu ndani ya milango, mifuko ya hewa, breki za ABS, kiyoyozi, usukani mwepesi, vioo vya umeme. Baadhi ya hivyo ni starehe na unaweza kuviishi bila. Vyuma, mifuko na breki, hapana. Nimekwenda kuvuta magari yaliyopata ajali Salgaa na Sachangwan zaidi ya mara ninazotaka kukumbuka, na nimeona tofauti ya gari ambalo pua yake imekunjika lakini kiti cha dereva kiko mahali pake, na gari la zamani ambalo usukani umerudi mpaka kwenye kiti. Wewe ni muuguzi, hao hao waliotoka kwenye magari hayo wewe ndiye uliyewapokea. Una watoto watatu. Kilo hizo usizisikitikie.

Tuje kwenye mafuta, ambako mabadiliko ni makubwa kuliko yote.

Nikiwa bado mwanagenzi, 504 moja iliingia gereji ikitokea Eldoret kupitia Timboroa, dereva akilalamika kwamba gari linakohoa na linabugia petroli. Mwalimu wangu alifungua plagi ya kwanza akaniwekea kiganjani. Ilikuwa nyeusi tii, imevikwa masizi makavu kama ya chini ya sufuria ya kuni. Akaniambia, "Hii imelishwa kuliko ilivyoweza kula." Kabureta ni kitu cha werevu lakini hakina macho. Ndani yake kuna jeti, katundu kadogo ka shaba, na ukubwa wa tundu hilo ulichaguliwa na mtu aliyekuwa karibu na bahari. Ukipanda Timboroa hewa inapungua, tundu halijui, linaendelea kumwaga petroli karibu ile ile. Petroli iliyozidi haipati hewa ya kuungua nayo, inatoka kama moshi mweusi na pesa yako. Hiyo ndiyo ile adhabu ya pili. Mwalimu alikuwa na mkebe wa dawa ya viatu uliojaa jeti ndogo ndogo, na madereva wa njia ya milimani walikuwa wakija kubadilishiwa. Waliokuwa wakishuka Kisumu kila siku walirudishiwa ile kubwa, kwa sababu huko chini jeti ndogo ingeichoma injini.

Toa plagi ya Axio iliyotunzwa, hata kama imetoka Molo asubuhi hiyo, uitazame ncha yake. Ni kahawia hafifu, rangi ya chai yenye maziwa ya kutosha. Katika ekzosi kuna sensa inayonusa oksijeni iliyobaki kwenye moshi na kuipelekea habari kompyuta ya gari, nayo inapunguza au kuongeza petroli mara kadhaa kila sekunde. Kazi ya mkebe wa mwalimu wangu inafanyika yenyewe ukiwa unaendesha. Ongeza hapo vali 16 badala ya nane, ongeza VVT-i inayobadilisha wakati wa vali kufunguka kulingana na mwendo, ongeza mgandamizo mkubwa zaidi ndani ya silinda. Petroli yenyewe ilibadilika pia: Kenya iliacha petroli yenye risasi mwaka 2006. Kabla ya hapo sensa hizo na kisafisha moshi vilikuwa vikiuawa na risasi, na mafundi wengi walikuwa wakikitoboa kisafisha moshi cha gari lililotoka Japani hata kabla hakijaziba.

Nina daftari ambalo nimekuwa nikiandika matumizi ya magari yanayopita mikononi mwangu, ya kujaza tangi hadi juu, kutembea, kisha kujaza tena. 504 zilizokuwa na afya zilikaa kwenye kilomita 8 hadi 9 kwa lita. Corolla 110, ile ya mwisho wa miaka ya tisini, 12 hadi 13. Axio ya petroli, 14 barabara kuu na 12 mjini. Axio ya haibridi, 20 mjini ikiwa betri ni nzima. Kiwanda kilipoitoa haibridi hiyo mwaka 2013 kilitangaza kilomita 33 kwa lita, kwa kipimo cha Kijapani cha maabara kiitwacho JC08. Maabara haina msongamano wa Kondele saa kumi na moja jioni. Usimshtaki mtu kwa sababu hukuziona hizo 33.

Ila usifikiri uchumi huu wa mafuta ulikuja tu kwa kuwa mainjinia walizidi kuwa werevu. Kila injini ikipata akili mpya, kiwanda kina njia mbili za kuitumia: kupunguza mafuta kwa nguvu zile zile, au kuongeza nguvu na uzito kwa mafuta yale yale. Wamarekani wamezipima njia zote mbili kwa magari yao yote mapya, saluni na pikapu pamoja. Mwaka 1975, baada ya bei ya mafuta ghafi kupanda kutoka dola 3 hivi kwa pipa hadi karibu 12, magari yao yalikuwa yakitembea wastani wa kilomita 5.6 kwa lita. Sheria ikawabana, na kufikia 1987 wakawa kwenye 9.4. Kisha petroli ikawa rahisi, watu wakasahau. Kufikia 2004 walikuwa wamerudi hadi 8.2, huku wastani wa nguvu ukipanda kutoka farasi 118 hadi 211. Miaka 17 ya werevu wote ule ilikwenda kwenye mbio na unene. Mafuta yalipopanda tena, na sheria zikakazwa, mstari ukageuka: magari ya mwaka 2023 yamefika 11.5. Toyota Camry, saluni yao ya familia, sasa haiuzwi huko bila mfumo wa haibridi.

Japani njia ilikuwa nyingine, ndiyo maana magari yao yanatufaa. Kodi ya gari ya kila mwaka huko hupandishwa kwa madaraja ya ukubwa wa injini, na daraja mojawapo linaishia cc 1500. Namba 1497 haikuokotwa. Kiwanda kilikaa chini ya mstari huo kwa tofauti ya kijiko kimoja kidogo, kisha kikahangaika kutoa kila farasi anayeweza kutoka humo. Sisi Kenya tukaja kuchora mstari wetu pale pale: tangu 2019 ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 kwa gari la cc 1500 kushuka chini, na 25 kwa saluni ya kawaida inayozidi hapo.

Hapo tumeingia kwenye bei, na hapo mzee ana haki ya kuguna. Lakini anaguna akimtazama mtu asiye na kosa. Gari lenyewe, kazi na chuma chake, limekuwa rahisi kwa kile unachopata. Kinachouma ni safari yake kutoka bandarini Mombasa mpaka kwako. Tuseme mamlaka ya ushuru imelithaminisha gari kwa Sh 600,000. Ushuru wa forodha asilimia 35 ni Sh 210,000. Juu ya jumla hiyo, ushuru wa bidhaa asilimia 20, Sh 162,000. Juu ya jumla mpya, VAT asilimia 16, Sh 155,520. Kisha ada ya kutangaza mizigo asilimia 2.5 na ya reli asilimia 2, Sh 27,000 kwa pamoja. Umelipa Sh 554,520 kwa gari la 600,000. Kabla ya Julai 2023, forodha ikiwa asilimia 25 na ada zikiwa tofauti kidogo, gari hilo hilo lingelipiwa Sh 477,000. Na angalia vile kodi inavyopandiana mgongoni: unalipia kodi juu ya kodi iliyotangulia. Likiwa la cc 1800 kwa thamani ile ile, ongeza karibu Sh 47,000.

Shilingi nayo ina mkono wake. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu Sh 160, kisha ikashuka hadi 129 hivi katika mwaka huo huo. Waliolipia magari Januari na waliolipia Septemba walinunua gari moja kwa bei mbili. Tena kuna sheria ya miaka 8: gari la zamani zaidi ya hapo haliruhusiwi kuingia. Ni sheria nzuri kwa mapafu ya watoto wa Nakuru na Kisumu, ila inafuta lile gari la bei ya chini kabisa. Wakati wa mzee, 504 ilinunuliwa mpya na kampuni au mtu mwenye shamba la chai, ikawafikia wengine ikiwa imechoka. Muuguzi kununua saluni ya familia ya miaka saba, yenye ABS, lilikuwa jambo gumu kabisa kabla ya milango ya mitumba kutoka Japani kufunguliwa mwanzoni mwa miaka ya tisini.

Sasa nikushauri. Umesema Molo ni mara moja kwa mwezi, kwenda na kurudi kama kilomita 300. Tuseme mjini unatembea 900. Tukichukulia petroli ni Sh 180 kwa lita, 504 ya mzee ingekula Sh 24,000 kwa mwezi. Axio ya petroli itakula karibu 17,400. Haibridi, nikiihesabia 18 kwa lita kwenye milima na 20 mjini, kama 11,100. Kati ya hizo mbili za mwisho unaokoa zaidi ya Sh 70,000 kwa mwaka. Kwa hiyo haibridi ikiwa imezidi bei kwa laki mbili, inajilipa chini ya miaka mitatu. Ikizidi laki nne, achana nayo, chukua ya petroli.

La cc 1800, tuseme Toyota Premio, ni gari zuri na mzee angelipenda. Lina Nm 170 na kitu, yaani lina mvuto wa 504 yake, na farasi zaidi ya 130. Mngekuwa mnapanda Molo kila wiki mkiwa watano, ningekwambia ulichukue bila kusita. Kwa mara moja kwa mwezi, utakuwa unalisha injini kubwa Kisumu siku 28 ili ufurahie Kericho siku mbili. Usichukue lile la lita mbili lenye maandishi ya D-4, yaani la kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, bila fundi anayelijua vizuri. Linataka petroli safi na mkono uliozoea.

Mimi kwa maisha yako ningechukua haibridi, na nikwambie ukweli wake wote. Mota yake ya umeme ina Nm 169 kuanzia gari likiwa limesimama, na mota haijali hewa nyepesi. Ikiwa Molo, mota hiyo ina nguvu zile zile za Kisumu. Mjini itakushangaza. Lakini betri yake haifiki hata kilowati-saa moja. Ukitoka Ahero ukapanda mpaka Kericho, kisha Mau Summit, mlima ni mrefu kuliko betri, na mbele ya safari inabaki injini ikivuta karibu peke yake. Injini hiyo imeundwa kwa kubana mafuta, ina farasi 74, na kule juu watabaki 55 hivi. Tazama hesabu ya 504 niliyokupa: 60. Mahali pagumu kabisa pa safari yenu mtakuwa na gari la nguvu karibu sawa na la mzee, naye alipapanda akiwa na abiria tisa. Litalia, litapunguza mwendo nyuma ya malori, litafika. Mkiteremka kurudi, wekeni gia kwenye B, ile ya kuacha injini ishike mwendo, kwa sababu betri hujaa mapema na baada ya hapo mteremko wote unaobaki ni wa breki.

Betri hiyo imekaa chini ya kiti cha nyuma, na kuna feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kuipoza. Mwaka jana nilifungua moja iliyokuwa ikiwasha taa ya onyo, mwenyewe anaendesha barabara za vumbi upande wa Mumias. Mapezi ya feni yalikuwa hayaonekani. Yalikuwa yamevaa blanketi la vumbi jekundu, nywele, nyuzi za sweta ya shule na makombo ya mandazi, limeshikana mpaka nikalichomoa kwa vidole kipande kizima. Yadi aliyonunulia ilikuwa imemwambia betri imekufa anunue nyingine. Tulisafisha, taa ikazima, gari linatembea hadi leo. Una watoto watatu watakaokalia kiti hicho. Feni isafishwe kila huduma, na begi la shule lisiwekwe mbele ya tundu lake.

Siku ya kwenda kulitazama usikubali kupewa gari ambalo tayari limewashwa. Nenda na fundi mwenye mashine ya kusoma moduli za betri moja moja, na mwambie akufungulie hiyo feni kabla hujalipa hata amana. Mliendeshe, mpande kilima chochote kirefu mlicho nacho karibu, hata cha kutoka Mamboleo kwenda Kiboswa, kisha asome tena betri ikiwa moto. Muulize muuzaji karatasi ya ukaguzi ya Japani yenye kilomita. Mita za kilomita zinarudishwa nyuma, hilo nimeliona kwa macho yangu. Ukiishia kwenye Axio ya petroli, oili ya gia ya CVT ibadilishwe kila kilomita 40,000 hata kama mtu atakwambia ni ya milele, na iwe ni ya CVT, si oili ya gia ya otomatiki ya kawaida. Oili ya injini iwe nyepesi kama kitabu cha gari kinavyosema, 0W-20 au 5W-30. Ile nzito ambayo mzee aliimwagia 504 inakwama kwenye vichujio vidogo vya VVT-i, na hapo ndipo gari linakuwa goigoi kweli.

Mkienda Molo mara ya kwanza, jazeni tangi Kisumu, mpeni mzee usukani kuanzia Kericho, mrudi, kisha mjaze tena kituo kile kile. Msinipimie ya kupanda peke yake, maana mteremko wa kurudi hulipa sehemu ya deni. Niandikie lita zilizoingia na kilomita mlizotembea, nitaziweka kwenye daftari ukurasa mmoja na zile za 504.